Kimya cha Mzee Rupert

Mzee Rupert Komba wa Mpitimbi alikuja redioni kulalamika kwamba tumemuua.

Alizipanda ngazi zetu pale Majengo, Songea, akipumzika kila baada ya ngazi mbili tatu, kifua kikimlia kama bawaba isiyoonja mafuta. Alipofika juu akaegemea fimbo, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe unayeamua nani afe?"

"Hapana, mzee. Mimi fundi mitambo. Naamua mambo ya nyaya tu."

"Mtu wa wapi wewe?"

"Iringa."

"Mhehe!" Akamgeukia Mama Lidwina, msomaji wetu wa matangazo ya vifo, aliyekuwa ameshasimama kwa heshima. "Mama, sasa nimeelewa. Mmempa Mhehe mitambo, halafu mnategemea Mngoni abaki hai?"

Nilicheka, maana mtani akikutukana amekukaribisha. Wazee wetu na wazee wao walichinjana sana enzi zile, na sisi tuliobaki tukarithi haki ya kusutana mpaka makaburini. Lakini Mama Lidwina hakucheka. Alijua mzee kaja na nini.

Juma lililopita alikuwa ametangaza kifo cha Mathias Komba wa Mpitimbi, aliyeanguka ghafla akiwa bado na nguvu zake. Yeye anatangaza kwa namna aliyofundishwa na mama yake mzazi: hukimbilii "familia ya fulani inasikitika". Unagonga kengele, unanyamaza, kisha unaliita jina kwanza, peke yake, kama unayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Ndipo mengine yafuate. Songea nzima imezoea hivyo. Kengele ikilia saa sita mchana, mwenye jembe analisimika, mwenye sufuria anaipua, watu wanasubiri jina.

Siku ile kengele ililia, kimya kikapita, halafu redio ikasema: "...Komba. Wa Mpitimbi. Ametutoka."

Jina la kwanza halikusikika. Limemezwa.

Sasa Mpitimbi akina Komba ni wengi kama nyasi, lakini mgonjwa anayejulikana alikuwa mmoja. Watu wakajumlisha wenyewe. Wakabeba unga, wakabeba kuni, akina mama wakaanza kilio tangu njia panda.

"Mimi niko nyuma ya nyumba napukuchua mahindi," Mzee Rupert alisimulia. "Nasikia kilio. Nikasema, maskini, nani huyo? Nikajifuta mikono, nikatoka niwapokee. 'Karibuni, jamani, amekufa nani?' Shemeji yangu Aurelia akatupa unga chini akakimbia. Mpaka leo unga ule kuku wanauokota."

"Pole sana, mzee wangu," akasema Mama Lidwina.

"Na Mathias kazikwa na watu wachache, maana waombolezaji wake walikuwa kwangu wakinigombeza kwa nini niko mzima."

Hapo nilibana kicheko kwa meno. Mzee akaniona.

"Cheka, Mhehe, cheka. Lakini nisikilize. Kufa sikuogopi. Kifua hiki kimeshanipa taarifa. Ninachoogopa ni hiki: kijijini wameapa. Wanasema Rupert tumeshamlilia, machozi hayalipwi mara mbili. Na mwanangu Sipriani analima tumbaku huko mbele ya Hanga, bondeni, simu haishiki, redio tu ndiyo inashika. Siku yangu ikifika mkalimeza jina tena, nitazikwa na mke wangu na kuku." Akagonga fimbo sakafuni. "Kwa hiyo nirudishieni jina langu. Nimemaliza."

Alishuka ngazi bila kuaga. Ngazi zile alizishuka kwa muda mrefu, na sisi juu tukiusikia mluzi wa kifua chake mpaka ulipofika barabarani.

*

Niseme kidogo kuhusu mitambo. Masika yaliyopita radi ilitupigia kompyuta ya zamani, ikabaki boksi la kufugia mende. Nikaunda nyingine kwa vipuri vya hapa na pale, nikaweka Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, kwa sababu ni ya bure, haiugui virusi vya flashi za wanakwaya, na ukikwama inakuonyesha utumbo wake wote ujitafutie mwenyewe. Mimi shule yangu ilikuwa ya namna hiyohiyo. Nilianza kama utingo wa lori, umeme nikajifunza kwa kurushwa nao, na Kiingereza nikakiokota kwenye maboksi ya vipuri.

Matangazo ya vifo hayasomwi moja kwa moja. Mama Lidwina huyarekodi asubuhi, kwa kuwa siku moja alilia hewani akashindwa kuendelea. Saa sita anakaa kwenye kompyuta, anabonyeza kengele, ananyamaza, anabonyeza sauti yake. Basi. Mtoto angeweza.

Nikajaribu. Kengele, sauti: jina likatoka zima. Nikarudia mpaka jirani wa duka la vitenge akapanda juu kuuliza ni msiba gani huo usioisha. Kila mara jina zima. Lakini hewani, mara linatoka, mara linamezwa, bila utaratibu wowote niliouona.

Bosi wetu George, mtu mwema mwenye haraka, alikuwa na dawa tayari. "Tuondoe hicho kimya. Tuweke kinanda hapo katikati, taratiiibu. Redio za Dar zote zinaweka kinanda."

"Bosi," akasema Mama Lidwina, "marehemu hajaja kucheza."

"Mama, wanaoomboleza ni watu walio hai!"

"Ndiyo. Lakini tatizo ni mashine, si kimya. Kimya kilikuwepo kabla ya mashine."

George akanitazama. "Fundi, nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Ikishindikana, kinanda."

Siku iliyofuata nilikaa ubavuni mwa Mama Lidwina saa sita, nione kwa macho. Kengele. Mikono yake ikashuka mapajani. Midomo ikawa inachezacheza bila sauti. Kisha akabonyeza, na jina likatoka zima. Tangazo la pili: kengele, midomo, midomo, midomo, akabonyeza. Jina likamezwa!

"Mama, hapo katikati unafanya nini?"

Akaona aibu kidogo. "Namwombea. Salamu Maria moja."

"Nzima?"

"Wewe Mhehe unauliza kama padri. Sikiliza. Kama marehemu simfahamu, naishia njiani, Mungu atamalizia. Kama namfahamu, naisali yote. Yule wa kwanza leo simjui. Huyu wa pili nimefundishwa naye katekisimu."

"Na Mathias?"

"Mathias tuliimba kwaya moja."

Nikarudi kwenye majaribio, safari hii nikisubiri kati ya kengele na sauti. Nikisubiri kidogo, jina zima. Nikisubiri muda wa Salamu Maria nzima, jina limemezwa. Kumbe siku zote nilikuwa najaribu kwa haraka ya fundi, na fundi gani hukaa kimya mbele ya mashine? Mashine ikiona hakuna sauti inayopita, inailaza kadi ya sauti, kile kipande kinachoitoa sauti nje, ili kuokoa umeme. Ukiirudishia sauti, kadi inaamka kama mlevi, na neno la kwanza linapita kabla haijafumbua macho.

Yaani majina yaliyomezwa yalikuwa ya wale aliowapenda zaidi. Mimi ni mtu wa mzaha, lakini siku ile nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

*

Kwenye Linux, ukikuta hitilafu, huendi kwa kampuni. Unaingia kwenye ukurasa wa mtandaoni wa watu wanaoitengeneza programu ile, unaandika mbele ya dunia nzima: nimefanya hivi, nilitegemea hivi, kimetokea hivi. Ukiandika ovyo wanakufukuza kwa upole. Nilifuta na kuandika upya mpaka Kiingereza cha maboksi kikanyooka.

Wa kwanza kujibu alisema kwake haitokei. Wa pili akasema vilevile. Wa tatu, aitwaye Henrik, anayeishi kaskazini huko ambako wakati mwingine jua haliamki kabisa, aliuliza swali: "Kwa nini redio yenu inanyamaza? Kwetu redio ikinyamaza, king'ora kinamlilia fundi."

Nikamjibu yote. Kengele, jina kwanza, Salamu Maria fupi na ndefu, Mathias, Mzee Rupert na mahindi yake. Nilipotuma nikajuta. Nikajiambia, hawa ni watu wa hesabu, wewe unawapelekea msiba.

Kesho yake nikafungua ukurasa. Alikuwa ameandika hivi:

"Nimekaa mbele ya mashine yangu. Nimepiga kengele. Kisha nimenyamaza, si kwa saa, bali kwa muda wa kumkumbuka mama yangu. Nikabonyeza. Neno la kwanza limemezwa. Nimeiona hitilafu yenu. Ipo siku zote, ila hakuna kati yetu aliyewahi kunyamaza kiasi hicho."

Nilimsomea Mama Lidwina kwa Kiswahili. Aliniomba nirudie. Kisha akauliza, "Mama yake anaitwaje?" Nikasema hakutaja. Akasema, "Muulize. Siwezi kumwombea mtu bila jina."

Nikauliza, kweli, mbele ya dunia nzima, chini ya maelezo ya kadi za sauti. Na Henrik akajibu neno moja: Ingrid.

Marekebisho yenyewe, akasema, yatachukua muda. Alinipa mstari wa kuandika kwenye mipangilio ili mashine isilale. Mashine ikatii. Kadi yetu haikutii. Ilikuwa kadi ya bei rahisi, kaidi, inayojilaza yenyewe ikipewa kimya kitupu. "Basi izugeni," akaandika. "Wakati wa kimya ipeni sauti ndogo kabisa, inayokaribia kutosikika. Ikiona kitu kinapita, haitalala."

Kuzuga ni fani yangu. Nikatengeneza kwa kompyuta mvumo mdogo, nikamsikilizisha Mama Lidwina kwenye spika za masikioni.

"Hii ni sauti ya maandazi kwenye mafuta," akasema.

"Haitasikika sana, mama."

"Mimi nimeisikia. Wafu wangu si maandazi."

"Sasa mama, mashine haitaki kimya kitupu. Lazima kiwe na kitu ndani."

Alifikiri, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku Mzee Rupert alipotujia. "Kwani kimya cha kweli kina nini? Kina kitu ndani. Twende tukakichote."

"Wapi?"

"Kwa yule anayetudai."

*

Tulikwenda Mpitimbi na pikipiki yangu, Mama Lidwina amekaa upande na kinasa sauti amekipakata kama kitoto. Mzee Rupert alikuwa uani kwenye kigoda, amejifunika shuka, amekonda kuliko siku alipopanda ngazi zetu.

"Karibu, Mhehe. Ngoja kwanza, mke wangu, mfungie mbwa ndani, mgeni asije akammezea mate."

"Mbwa wako kakonda kama wewe, mzee. Hafai hata kwa mchuzi."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na mkewe, Bibi Esteria, akaja kumpiga mgongo huku akinitazama kwa jicho la kuua. Mama Lidwina akaeleza tumefuata nini. Tunataka kimya cha mahali penye watu, muda wa Salamu Maria moja nzima, tukiweke baina ya kengele na jina.

"Mmetoka mjini kuja kuchukua kimya?" Bibi Esteria akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Chukueni. Kipo kingi tangu watu walipoacha kuja."

Mara ya kwanza jogoo akatuharibia. Mara ya pili Mzee Rupert mwenyewe alipasuka kicheko, anasema uso wangu ukinyamaza unafanana na wa mbuzi aliyeonyeshwa kisu. Mara ya tatu Mama Lidwina akagonga kijiti kama kengele, akainamisha kichwa.

Nimesikia ngoma nyingi, nimesikia injini, nimesikia spika za laki na za milioni. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Upepo ulikuwa unapita kwenye mabua ya mahindi makavu, mbali, kama watu wengi wanaovua viatu. Mahali fulani maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo. Na katikati ya yote, taratibu, alikuwa anapumua mtu mzee: pumzi inaingia na mluzi mdogo, inakaa, inafikiri, inatoka. Nikamwangalia Bibi Esteria. Alikuwa amesimama na ungo mkononi, naye anaisikiliza pumzi ile kana kwamba alikuwa hajawahi kuisikia, ingawa amelala kando yake maisha yote.

Mama Lidwina akafanya ishara ya msalaba. Nikazima kinasa sauti.

Tukasikiliza. Mzee Rupert akaziweka spika masikioni, akakunja uso. "Huyu anayekoroma ni nani?"

"Wewe, mzee. Samahani, tutarudia ukiwa ndani."

"Nimo humo?"

"Umo."

Akasikiliza tena, kidole juu ya spika. Kisha akasema, "Niacheni humohumo. Mlinitangaza nimekufa. Basi nitangazeni nipo hai, kila siku, saa sita."

*

Na ndivyo ilivyokuwa. Kengele, Mzee Rupert anapumua, jina linatoka zima. Kadi kaidi ikawa macho. Ukiwa na redio nzuri na masikio mazuri ungeusikia ule mluzi; wengi walihisi tu kwamba kimya cha redio kimekuwa karibu zaidi. George aliacha habari za kinanda. Siku moja nilimkuta saa sita kasimama mlangoni, simu yake inaita mfukoni, haipokei.

Mama Lidwina naye akabadilika. Sasa hakubonyeza mara mbili; kengele, kimya na jina nilikuwa naviunganisha viende kwa pamoja. Kimya kilikuwa na urefu wake, wa Salamu Maria nzima, kwa anayemjua na asiyemjua. "Rupert amenifunga mikono," alisema. "Siwezi tena kuwapunja wageni."

Henrik naye akaomba tumpelekee faili lile. Anatengeneza marekebisho, anahitaji kitu cha kujaribia. Nikampelekea. Baadaye akaniandikia kwamba wameliweka pamoja na majaribio ya programu, hivyo kila anayegusa sehemu ile ya programu, popote alipo, mashine inapiga kengele, inacheza kimya kile, na kuangalia kama neno la kwanza limefika salama.

Nilikwenda Mpitimbi kumwambia mzee. Alikuwa hatoki tena kitandani.

"Kwa hiyo napumua Ulaya?"

"Na kwingineko, mzee. Hata mimi sijui kote."

"Na hapa nashindwa." Akacheka bila sauti. "Dunia hii ina mambo, mtani."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita mtani badala ya Mhehe. Nikamvutia shuka mpaka mabegani.

Alikufa mvua za kwanza zilipokuwa zinatishia tu. Bibi Esteria alituma ujumbe kwa mwendesha bodaboda, na Mama Lidwina akarekodi asubuhi ileile bila kukosea. Saa sita tukakaa: yeye, mimi, na George amesimama nyuma yetu. Wakati huo marekebisho ya Henrik yalikuwa yameshafika, nimeshayaweka, na yalifanya kazi hata kwa kadi yetu. Kimya kitupu kingetosha. Hakuna aliyelisema hilo.

Mama Lidwina akabonyeza. Kengele ikalia juu ya Songea. Kisha Mzee Rupert akapumua. Mluzi ukaingia, ukakaa, ukafikiri, ukatoka. Mabua yakapita. Akapumua tena. Nilitaka isifike mwisho.

"Rupert. Komba. Wa Mpitimbi. Ametutoka."

Zima. Kila herufi.

*

Kesho yake nilikwenda nikiwa na hofu ya kukuta uwanja mtupu. Kuanzia njia panda pikipiki haikupita. Watu walikuwa wamejaa njiani, wenye kuni, wenye unga, kilio kimetangulia. Shemeji Aurelia alikuwa mlangoni amejishika kiuno. "Mimi nimemlilia mara moja," anasema. "Nionyesheni kwanza." Wakamwonyesha. Akatoka akalia kuliko wote.

Jeneza lilikuwa limeshatolewa uani Sipriani alipofika, ananuka moshi wa tumbaku, suruali imelowa mpaka magotini. Alimkumbatia mama yake muda mrefu, kisha akauliza fundi wa redio ni yupi. Wakanisukuma mbele.

"Nilisikia," akasema. "Jina lilifika."

"Tunamshukuru Mungu."

"Hapana, nisikilize, kaka. Kule bondeni wenzangu walikuwa wanasikiliza nani amekufa. Mimi nilikuwa naweka redio sikioni baada ya kengele, namsikiliza baba. Kila siku. Niliijua pumzi ile tangu siku ya kwanza. Sikujua mmemwingizaje humo, lakini nilijua ni yeye. Nikishamsikia nazima redio narudi shambani, roho imetulia." Akalitazama jeneza. "Jana alipumua kama siku zote. Nikanyoosha mkono nizime. Sijui kwa nini sikuzima."

Akanishika mkono, tukalifuata jeneza.

Kaburini wazee wakaniita. Mtani hazikwi bila mtani wake kumsuta, ndiyo desturi, na watu walikuwa wamenigeukia wanangoja, wengine wameshaanza kutabasamu. Nikasogea ukingoni. Nikafungua mdomo. Neno la kwanza halikutoka. Nikajaribu tena.

"...mtani," nikasema, "safari hii ni kweli, au nikaangalie nyaya?"

Uwanja mzima ukacheka, Bibi Esteria akacheka na machozi yake, Sipriani akacheka ameshika tumbo. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, na hakuna aliyeanza wimbo. Mabua yalikuwa yanavuma. Mama Lidwina alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inachezacheza, na watu wote wale, bila kuambiwa, wakamsubiri amalize.